Kozi za uongozi wa afya mtandaoni: anza na pipa la uani kwenu

Swali hili limetoka kwa msomaji wa kaunti ya Lamu:

"Assalaam alaykum. Mimi ni afisa wa afya ya umma, nina miaka tisa kazini, na tangu mwaka jana nasimamia wahamasishaji wa afya ya jamii katika vijiji kadhaa vya kisiwa cha Pate. Naambiwa nikitaka kupanda cheo nisome uongozi. Kila siku naletewa matangazo ya kozi za mtandaoni za uongozi wa afya ya umma na maendeleo endelevu. Nyingine ni za bure, nyingine ada yake ni mshahara wangu wa miezi miwili. Mtandao huku unakuja na kuondoka, na nina watoto watatu. Je, kozi hizi zina faida? Cheti chake kinatambuliwa? Na nichague ipi?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nianze na habari ya cheti, maana ndiyo yenye pesa zako ndani yake.

Neno hili "cheti" limebeba vitu ambavyo havifanani. Kuna cheti cha kumaliza kozi fupi, ambacho mtu hukipata kwa kutazama video na kujibu maswali machache. Hicho kinaonyesha kwamba ulikuwepo. Kuna alama za mafunzo ambazo mabaraza ya taaluma za afya huzihesabu mtu anapohuisha leseni. Hapo usiulize mwenye kozi, uliza baraza lako, kwa maandishi, kama kozi hiyo inahesabiwa. Kuna diploma na shahada za vyuo vya nje, na hizo andikia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kabla ya kulipa, wala si baada. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kaa mbele ya jopo la usaili: kwa vyeo vya juu katika utumishi wa umma hapa Kenya, mara nyingi kinachotakiwa ni kozi za Kenya School of Government, chuo cha serikali cha kuwafunza watumishi wa umma: ile ya usimamizi wa ngazi ya juu ya wiki 4, na ile ya uongozi wa kimkakati ya wiki 6. Unaweza kuwa na vyeti kumi vya ng'ambo na ukaulizwa hicho kimoja. Kwa hiyo tafuta mwongozo wa utumishi wa kada yako, usome kwa macho yako sharti la cheo kinachofuata. Usitegemee alichosema mwenzio ofisini.

Hayo ni ya karatasi. Sasa nikueleze ninachokijua kwa kukipitia.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita nililipia kozi ya mwaka mzima ya chuo kimoja cha ng'ambo. Walimu walikuwa watu wema na vitabu vyao vilikuwa vizuri. Lakini kila mfano ulitoka katika mji wenye mabomba kila nyumba, ramani ya kila mtaa, na daftari la vifo lisilo na pengo. Kazi yangu ya mwisho niliandika juu ya mji ambao sijawahi kuutia mguu, nikapata alama nzuri. Jumatatu niliporudi kazini hapa Malindi sikuwa na hata jambo moja la kubadilisha. Hilo liliniuma kuliko ada, na tangu hapo, kila ninaposomesha maafisa wa afya kwa mtandao, swali langu la kwanza kwao ni hili: unaleta shida gani ya kwenu?

Wewe unayo, na ni kubwa. Wacha nikukumbushe.

Mwaka 2004 watu wa Amu, yaani kisiwa chenyewe cha Lamu, walishikwa na homa iliyowaacha wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Ilikuwa chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, limetoka kusini mwa Tanzania ya leo ambako maradhi haya yalielezwa mara ya kwanza miaka ya 1952 na 1953, na maana yake ni huko kujikunja. Damu ilipopimwa baadaye ilionekana kwamba karibu watu 3 katika kila 4 kisiwani Amu walikuwa wameambukizwa. Makadirio ni watu kama 13,500. Haukupita muda ikawa Mombasa, mwaka uliofuata ikawa Komoro, kisha Réunion, kisha India. Gonjwa lililozunguka nusu ya Bahari ya Hindi lilipita kwanza kwenye vichochoro vyenu.

Na chanzo? Ulikuwa msimu wa ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka majumbani katika vyombo visivyofunikwa, yakakaa siku nyingi bila kumwagwa. Mbu anayeeneza chikungunya, Aedes, ndiye huyo huyo wa dengi, na hupenda maji ya aina hiyo, safi na yaliyotulia. Tena huuma mchana, kwa hiyo chandarua unachokigawa kwa bidii zote hakimzuii.

Niliwahi kuingia katika nyumba moja ya kale ya mawe, mtaa wa Mkomani mjini Amu. Chooni mlikuwa na birika, yaani tangi la maji lililojengwa kwa chokaa, na chini kabisa wamezamisha bakuli la kauri. Ndani yake visamaki viwili vyembamba vilikuwa vikizunguka. Nikauliza ni vya nini. Bibi mwenye nyumba akachota maji kwa kata, akaileta mbele ya dirisha nione: hamna kiluwiluwi cha mbu hata kimoja, vyote vimeliwa, na birika likikaribia kukauka visamaki hujibanza ndani ya lile bakuli hadi maji yaje. Kisha nikatoka uani. Palikuwa na pipa la plastiki la buluu, la lita 200, maji ya siku ya tano. Nikalimulika kwa tochi ya simu, na viluwiluwi vikashuka chini vyote kwa pamoja.

Nyumba moja, maji mawili. Wazee walikuwa na dawa yao ndani ya birika, na pipa lilipoingia dawa ile haikuhamia humo. Sasa jiulize: pipa lile ni la nani? Idara ya afya inasema ni la idara ya maji. Idara ya maji inasema ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema maji yangekuwa yanatoka kila siku asingekuwa na haja ya pipa. Kila mmoja ana haki katika neno lake, na mbu anazaliana.

Hapo ndipo uongozi wa afya ya umma na maendeleo endelevu unapokutana, na ndiyo maana siku hizi hufundishwa pamoja. Septemba 2015 nchi 193 za Umoja wa Mataifa zilikubali Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, ya kufikiwa ifikapo 2030. La 3 ni afya, la 6 ni maji na usafi, la 11 ni miji, la 13 ni tabianchi. Kozi dhaifu itakukaririsha majina ya malengo yote 17 na rangi zake. Kozi nzuri itakusimamisha mbele ya pipa lile na kukuuliza: kati ya wenye haya malengo manne, nani utaketi naye kwanza, na utamwambia nini?

Usidhani kusoma kwa mbali ndiko kunakofanya elimu iwe nyepesi. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini watu walio nje ya London tangu 1858. Hapa kwetu, shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi walianza mwaka 2005 kuwasomesha wauguzi wa ngazi ya cheti kwa kompyuta hadi wakafika diploma, nao wakiwa bado wanahudumia vituo vyao. Kwa hiyo njia inafaa. Tofauti iko katika namna ya kufundisha.

Namna ninayoipenda zaidi ni ile aliyoianzisha daktari Sanjeev Arora katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, mwaka 2003, iitwayo Project ECHO. Yeye alikuwa bingwa wa maradhi ya ini, na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wakingoja miezi na kusafiri masafa marefu kumfikia. Akawakusanya wahudumu wa vijijini kwa video kila wiki. Hakuwahutubia. Kila mmoja alileta mgonjwa wake, bila jina, akaeleza alipokwama, na mabingwa pamoja na wahudumu wenzake wakajadili hadi ikapatikana njia. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, wagonjwa waliotibiwa na wahudumu hao wa vijijini walikuwa wamepona kwa kiwango sawa na waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu. Mtindo huo sasa umeenea nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na si kwa maradhi ya ini peke yake.

Linganisha na kozi za wazi ambazo mtu husoma peke yake. Watafiti walipohesabu kozi za vyuo vikuu vya Harvard na MIT zilizowekwa kwenye edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, walikuta kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa kama 3 tu katika kila 100 waliojiandikisha. Waliokuwa wamelipia cheti, karibu nusu yao ndio waliofika mwisho. Si kwamba watu ni wavivu. Mtu akisoma peke yake usiku, hakuna anayemngoja kesho yake, na shida anayoisoma si yake, atachoka, mimi ningechoka.

Nikupe mfano wa karibu. Mwanafunzi wangu mmoja, mhudumu wa upande wa mto Sabaki, alileta swali hili: kwa nini dawa ya klorini inayogawiwa baada ya mafuriko haitumiwi? Wiki ya kwanza jibu lake lilikuwa kwamba wananchi hawana elimu. Nikamrudishia karatasi, nikamwambia aende nyumba kumi akaulize, asifundishe. Akarudi na jambo jingine kabisa. Maelezo yalisema kizibo kimoja kwa lita 20, na akina mama pale walikuwa wakitumia mitungi ya lita 10. Wakitia kizibo kizima maji yananuka, watoto wanayakataa. Wakitia nusu hawana hakika kama yametakasika, basi wanaacha kabisa. Hakuna aliyehitaji kuelimishwa. Kilichohitajika ni alama ya nusu kwenye kizibo, na wahamasishaji wakaichora kwa wino usiofutika. Kozi nzima ilikuwa ya wiki sita na nusu yake ilikwisha katika kumfanya aache lile jibu la kwanza.

Jambo la pili ambalo kozi ya uongozi lazima ikupe, na nyingi za nje haziwezi, ni kalenda ya fedha za kaunti. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo vifuniko vya mapipa yenu havitoki Nairobi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Nimeona maafisa hodari, wenye takwimu nzuri, wakiingia ofisi ya mwakilishi wadi mwezi wa Mei. Wanapokewa kwa heshima, wanapewa chai, na jambo lao linangoja mwaka mzima. Fedha za Julai ziliombewa Agosti iliyotangulia. Kama kozi inaitwa ya uongozi na haikufundishi kuandika ombi la ukurasa mmoja lenye gharama, kwa mtu anayeshika fedha, kabla ya tarehe yake, basi jina hilo ni la tangazo.

Na takwimu unazo. Wahamasishaji walipozinduliwa upya nchini mwaka 2023, zaidi ya 100,000, walipewa simu za kuandikia taarifa za kila nyumba. Taarifa hizo zinapanda juu na wengi wetu huku chini hatuzitumii. Tafuta kozi inayokufundisha kuzisoma hizo: kijiji kipi kina homa nyingi, mwezi gani, na maji yao yanatoka wapi.

La tatu nitalipitia kwa haraka, ingawa ni zito. Lamu imekwisha kuwa darasa la maendeleo endelevu, watu wanakuja kusoma kwenu. Mtambo wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016, na Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) likaifuta, kwa sababu miongoni mwa nyingine wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanywa kabla ya utafiti, na matokeo ya utafiti hayakurudishwa kwao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu hapa Malindi iliamua kwamba wavuvi walioathiriwa na bandari mpya ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Ripoti ya tathmini ya mazingira huwa na sehemu inayohusu afya za watu: hewa, maji, samaki. Nani katika idara yako anaweza kuisoma sehemu hiyo na kusema penye pengo? Kama hakuna, soma wewe. Kozi fupi ya tathmini ya athari kwa afya ingekufaa kuliko ya tatu au ya nne ya uongozi wa jumla.

Sasa mtandao na watoto. Wewe unaijua Mkanda, ile njia nyembamba ya bahari ya kwendea Pate. Zamani maji yakitoka, mashua ilikuwa haipiti, na hakuna aliyeudhika. Mtu alingoja maji yajae. Panga masomo yako hivyo hivyo. Ukienda Amu au Mokowe kwa kazi, pakua masomo ya wiki mbili kwa mara moja. Chukua maandishi ya video badala ya video yenyewe: video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, na maandishi yake hayafiki megabaiti moja, tena yanasomeka ukiwa juu ya boti. Kabla ya kujiandikisha uliza kama kuna vipindi vya moja kwa moja na ni saa ngapi za Kenya. Kipindi cha saa nane mchana New York ni saa tatu au saa nne usiku kwako, na wakati huo mama wa watoto watatu hana akili ya kujadili sera. Muombe mkuu wako nusu siku moja kwa wiki, kwa barua, ukitaja jambo la kaunti utakalolifanyia kazi. Barua ya namna hiyo hukubaliwa kuliko ile inayosema "naomba muda wa masomo". Na usisome peke yako. Tafuta wenzako wawili au watatu, mmoja Faza, mmoja Witu, mmoja hata huku Malindi, mjiandikishe pamoja na mpigiane simu kila Alhamisi. Bando la mazungumzo ya nusu saa ni dogo, na faida yake nimeiona mara nyingi.

Uchague ipi, basi? Anza na za bure, na usizidharau. Shirika la Afya Duniani lilifungua masomo yake ya mtandaoni ya OpenWHO mwaka 2017, na Desemba 2024 likafungua chuo chake, WHO Academy, mjini Lyon, Ufaransa. Humo mna kozi za milipuko ya maradhi zinazokuhusu moja kwa moja. Kwa upande wa maendeleo endelevu kuna SDG Academy, nayo ni ya bure. Chukua moja tu, ya wiki chache, uimalize. Utajua kama mwili wako na nyumba yako vinakubali mwendo huu kabla hujatoa shilingi. Kisha zile za Kenya School of Government, wakati mwongozo wa cheo chako unapozitaka, na hizo omba kaunti ikulipie, maana ni masomo ya kazi yao.

Ile ya mshahara wa miezi miwili iweke kando kwanza. Wiki hii, kabla hujajiandikisha popote, wape wahamasishaji wako watano kazi moja: kila mmoja aangalie mapipa kumi katika kijiji chake. Limefunikwa au halikufunikwa. Maji yana siku ngapi. Yametoka kisimani, kwenye jabia la maji ya mvua au kwa mchuuzi. Mna viluwiluwi au hamna, amulike kwa tochi asikisie. Hayo ni mapipa hamsini, na yataenea katika ukurasa mmoja.

Ukurasa huo watumie waandaaji wa kozi hiyo ya ada kubwa, na uwaulize mambo mawili tu: ni mwalimu gani atausoma, na atanijibu lini. Wakikutajia mtu na tarehe, niandikie tena tuzungumze habari ya ada na namna ya kuipunguza. Wakikurudishia tangazo lile lile la mwanzo, basi ukurasa wako upeleke kwa mwakilishi wadi kabla ya Agosti kwisha, ukiwa na bei ya vifuniko hamsini chini yake.